Gesi ya Kusini: Visima viwili si ushahidi wa mchanga mmoja

LESENI ya kuzalisha gesi asilia katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ilitolewa Oktoba mwaka 2001 kwa kipindi cha miaka 25. Leseni ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, ilitolewa mwaka 2006 kwa kipindi kama hicho. Kwa hesabu hiyo, kipindi cha kwanza kinafikia ukomo Oktoba 2026 na cha pili mwaka 2031.

Kila leseni ya aina hiyo inapokaribia mwisho wake, swali linalowekwa mezani huwa moja: ni gesi kiasi gani iliyobaki chini ya ardhi? Mwekezaji hutaka kujua kama ipo ya kumlipa gharama zake. Serikali hutaka kujua inauza nini na inabakiwa na nini.

Swali hilo si la wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam peke yao. Dereva aliyekopa fedha kufunga mfumo wa gesi kwenye bajaji yake ameweka rehani mapato yake juu ya jibu hilo. Vivyo hivyo mwenye mashine ya kusaga anayetegemea umeme wa gridi, mwenye nyumba ya wageni Mtwara, na diwani wa Kilwa anayesubiri ushuru wa huduma unaolipwa na wazalishaji wa gesi.

Hata hivyo, jibu halipatikani kwa kuchungulia kisimani. Linategemea kazi ambayo wananchi wachache wameisikia: kuoanisha tabaka za mchanga zilizopitiwa na kisima kimoja na zile zilizopitiwa na kingine, ili kujua kama ni mchanga uleule au ni mchanga tofauti uliokaa kwenye kina kinachofanana.

Gesi haikai kwenye pango

Watu wengi hudhani kwamba chini ya Songo Songo kuna pango kubwa lililojaa gesi, mfano wa tangi. Ukweli ni kwamba gesi imejibana katika vinyweleo vya mwamba wa mchanga, kama maji yanavyojibana katika mchanga wa pwani unaoonekana mkavu kwa juu. Juu ya mwamba huo pamekaa tope lililogeuka jiwe, nalo ndilo linaloizuia gesi isipande na kupotea.

Mwamba wa Songo Songo una umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Mchanga wake uliwekwa na mito iliyokuwa ikimwaga baharini pamoja na mawimbi ya bahari isiyo na kina. Wa Mnazi Bay ni wa umri mdogo zaidi, na asili yake ni mchanga ulioletwa na mto wa kale katika eneo ambalo Mto Ruvuma unamwaga maji yake hadi leo.

Kwa maneno mengine, gesi ya Kusini inayotumika nchini imehifadhiwa katika delta na fukwe za zamani zilizozikwa. Sifa hiyo ndiyo inayofanya hesabu yake iwe ngumu.

Somo la Rufiji

Anayetaka kuelewa ugumu huo hahitaji kwenda chuoni. Anaweza kwenda delta ya Rufiji, ambako wakulima wa mpunga wanaishi na jambo hilo kila msimu.

Mto ukikaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi. Mchanga hutua ndani ya mikono hiyo na kwenye midomo yake, na tope laini hutua kwenye mikoko na katika mabonde yanayofurika. Mawimbi nayo huuchukua mchanga wa mdomoni na kuutandaza kando ya ufuko.

Baada ya muda mkono mmoja hujaa, na mto huhamia kwingine. Pale palipokuwa na mchanga hufunikwa na tope, na palipokuwa na tope hupata mchanga. Mzunguko huo ukirudiwa kwa mamilioni ya miaka huku ardhi ikididimia polepole, hupatikana rundo la tabaka zenye unene wa mamia ya mita.

Mchanga wa mkono wa mto huwa mrefu na mwembamba kama kamba. Wa mdomoni huwa mnene katikati na kuisha pembeni, mfano wa kitumbua. Wa ufukweni huwa umetandazwa kama mkeka, na unaweza kuendelea kilometa nyingi bila kukatika.

Kisima cha gesi kina upana usiozidi ndoo. Kikitoboa mchanga wa mita 20, hakisemi kama kimegusa kamba, kitumbua au mkeka. Kisima cha pili, kilometa mbili kutoka hapo, kikikuta mchanga wa mita 20 katika kina kilekile, kishawishi cha kuchora mstari mmoja kati yao huwa kikubwa. Mstari huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kuwa umeunganisha vitumbua viwili vilivyotengwa na tope.

Tofauti katika hesabu si ndogo. Chukua mfano wa kubuni wa mchanga wenye urefu wa kilometa mbili, upana wa kilometa moja na unene wa mita 20. Ujazo wake ni mita za ujazo milioni 40. Ikiwa sehemu ya tano ya mwamba huo ni vinyweleo, nafasi ya kukaa gesi ni mita za ujazo milioni 8. Ikibainika kwamba nusu ya eneo la katikati ni tope, nafasi hiyo hushuka hadi milioni 4, ingawa vipimo vya visima vyote viwili havijabadilika hata kwa tarakimu moja.

Paa la makuti

Kuna mtego mwingine. Delta haikui kwa kupanda juu tu, bali husogea kuelekea baharini. Kila mafuriko hutandika tabaka jipya linaloinama mbele ya lile lililotangulia, na matokeo yake hufanana na paa la makuti, ambalo kila safu imelala kiasi juu ya mwenzake.

Anayelitazama paa hilo kwa mbali huona kitu kimoja. Anayelitoboa sehemu mbili kwa usawa uleule hukuta kuti tofauti kila mara. Ndivyo ilivyo chini ya ardhi: mchanga ulio kwenye kina kimoja katika visima viwili unaweza kuwa wa nyakati mbili tofauti, na kati yake pakawa na utando wa tope ambao gesi haiwezi kuupita.

Kwa miaka mingi wajiolojia walioanisha tabaka kwa kufananisha sura: mchanga kwa mchanga, tope kwa tope, kwa kufuata unene na kina. Kuanzia miaka ya 1970, picha za mitetemo ya ardhi zilipoboreka, ilibainika kwamba njia hiyo ilikuwa imeunganisha mambo mengi yasiyohusiana.

Badala ya kufuata mchanga, wataalamu wengi sasa huanza na tope. Bahari inapopanda na kuifunika delta, huacha utando wa tope juu ya eneo kubwa kwa muda mfupi, kama mafuriko yanavyoacha alama ya usawa mmoja kwenye kuta za kijiji kizima. Utando huo ndio alama ya wakati. Kilicho chini yake ni cha zamani na kilicho juu yake ni cha baadaye, hata kama mchanga wa pande zote mbili unafanana kama mapacha.

Mfano wa kuonekana kwa macho upo Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale na kuisafirisha hadi Berlin. Tabaka zenye mifupa hiyo zimetenganishwa na tabaka za mchanga zenye makombe ya baharini. Bahari iliingia na kutoka, na kila mara iliacha hati yake ardhini. Miamba hiyo, yenye umri wa takriban miaka milioni 150, ni ya zamani kuliko ile ya gesi ya Songo Songo, lakini kanuni ya kuisoma ni ileile.

Mashahidi wanne

Ili kujua kama mchanga wa visima viwili ni mmoja, wajiolojia huwaita mashahidi kadhaa, kwani hakuna anayetosha peke yake.

Wa kwanza ni vipimo vinavyoteremshwa kisimani kwa waya. Kimoja hupima mionzi ya asili ya mwamba, ambayo kwa kawaida huwa mingi kwenye tope na michache kwenye mchanga safi. Kingine hupima jinsi mwamba unavyopitisha umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri lakini gesi haipitishi, na hivyo mchanga wenye gesi hujitambulisha.

Wa pili ni visukuku vidogo visivyoonekana kwa macho, pamoja na chavua za mimea ya kale. Viumbe hawa walibadilika kadiri nyakati zilivyopita. Tabaka mbili zenye visukuku vya enzi tofauti haziwezi kuwa tabaka moja, hata zikifanana kwa rangi na unene.

Wa tatu ni picha za mitetemo. Mitambo hutuma mtetemo ardhini na kupokea mwangwi wake. Picha hizo huonyesha umbo la jumla la tabaka na mahali mwamba ulipokatika. Udhaifu wake ni kwamba tabaka nyembamba za mita chache huchanganyika na kuonekana kama moja.

Wa nne, na mgumu kuhongwa, ni presha. Kisima kimoja hufungwa na kingine huachwa kitoe gesi. Presha ya kilichofungwa ikishuka, visima hivyo vinakunywa chungu kimoja. Isiposhuka kwa muda mrefu, huenda kuna ukuta kati yao, hata kama mchoro wa ofisini unaonyesha mchanga ulioungana.

Ndiyo maana eneo lililozalisha kwa miaka mingi hufahamika vizuri kuliko lile lililotobolewa jana. Mwenye mtungi wa gesi jikoni hujua umebaki kiasi gani kwa kuupima baada ya kupika, na eneo la gesi hupimwa kwa jinsi presha inavyoshuka kwa kila kiasi kinachotolewa. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha kibiashara mwaka 2004. Kwa miaka 30 makadirio yake yalitegemea visima vichache vilivyolala. Tangu ilipoanza kuzalisha, presha imekuwa ikitoa ushahidi wake kila siku. Mwaka 2022 mitambo ya kuongeza presha ilianza kazi katika kiwanda cha kisiwani, kwa kuwa nguvu ya asili ya gesi ilikuwa imepungua kutokana na uzalishaji.

Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kukaa zaidi ya miaka 20 bila kutumika. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa na visima vitano. Hayo ni matundu matano katika delta nzima ya kale. Kazi ya kuoanisha tabaka ni kujaza yaliyopo kati ya matundu hayo, na penye tundu chache ndipo makadirio huwa mapana.

Hesabu tatu zinazochanganywa

Wakati wa matangazo makubwa, hesabu tatu tofauti husemwa kana kwamba ni moja. Mfanyabiashara asiyezitenganisha anaweza kuumia.

Ya kwanza ni gesi iliyopo ardhini. Takwimu ya Serikali iliyotajwa kwa miaka mingi ni futi za ujazo trilioni 57.54, ambapo trilioni 47.13 ziko kwenye bahari ya kina kirefu na trilioni 10.41 ziko nchi kavu na karibu na pwani. Songo Songo na Mnazi Bay zimo katika fungu hilo dogo la pili.

Ya pili ni gesi inayoweza kutolewa. Daima huwa pungufu, kwa kuwa sehemu ya gesi hubaki mwambani presha inapoisha, na vitumbua visivyoguswa na kisima chochote hubaki na gesi yao. Hapa ndipo uoanishaji wa tabaka unapogeuka fedha. Kadiri mchanga ulivyokatikakatika, ndivyo visima vingi zaidi vinavyohitajika, na kisima kimoja cha gesi hugharimu mamilioni ya dola.

Ya tatu ni uwezo wa mitambo. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015, lilijengwa kwa uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Katika miaka iliyofuata, uzalishaji wa Mnazi Bay haukufika hata robo ya kiasi hicho. Bomba kubwa si ushahidi wa gesi nyingi, kama ghala kubwa lisivyokuwa ushahidi wa mavuno.

Wakazi wa Mtwara waliionja tofauti hiyo. Baada ya gesi kugunduliwa baharini kuanzia mwaka 2010, viwanja viligombewa na nyumba za wageni zikajengwa kwa matarajio ya wageni ambao wengi wao hawakufika kwa kasi iliyodhaniwa. Gesi ya kina kirefu ilihitaji mradi wa kuigeuza kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi, na miaka ilipita katika mazungumzo. Waliokopa kwa kutazama hesabu ya kwanza walilipa madeni yao kwa kipato kilichotokana na hesabu ya pili.

Hata makampuni makubwa hukosea. Januari 2004, kampuni ya Shell ilitangaza kuondoa mapipa bilioni 3.9, sawa na takriban asilimia 20, katika akiba yake iliyokuwa imeitaja kuwa ya uhakika. Nigeria, yenye delta kubwa ya mafuta, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyohusika. Mafuta hayakuwa yameibwa wala kuvuja. Kilichobadilika ni kiwango cha uhakika ambacho kampuni iliruhusiwa kukidai.

Aidha, kosa linaweza kuwa la upande wa pili. Mtaalamu akiona tope kila mahali, anaweza kuchoronga visima visivyohitajika na kuongeza gharama ambazo mwishowe huingia katika bei ya gesi. Pia kisima kinachopita katika tabaka nyingi nyembamba kinaweza kutumia moja na kuziacha nyingine zenye gesi. Kwa hiyo uoanishaji mzuri haupunguzi matumaini tu. Wakati mwingine hufichua gesi iliyoachwa nyuma katika eneo lililodhaniwa kuisha.

Kisima cha mkulima

Mkulima wa pwani anaweza kusema gesi haimhusu. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo ndiyo inayoamua hatima ya kisima chake cha maji.

Mchanga wa pwani unaobeba maji pia uliwekwa na mito na bahari. Visima virefu vya Kimbiji na Mpera, vinavyofikia takriban mita 600, vinachota kwenye tabaka za aina hiyo. Novemba 2022, wakati ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu, maji ya visima vya Kigamboni yalielekezwa kuusaidia mji wa Dar es Salaam.

Kwa mkulima mdogo, mambo hutokea kwa kipimo kidogo. Jirani amepata maji matamu katika mita 60. Yeye anachimba mita 200 kutoka hapo, anafika mita 60 na kukuta tope, au anapata mchanga wenye maji ya chumvi. Watu husema ana bahati mbaya. Maelezo ya kawaida ni kwamba mchanga wa jirani ulikuwa kamba iliyopita upande wa pili wa shamba, au mchanga wake yeye umeungana na bahari.

Hasara ya namna hiyo inaweza kupunguzwa. Wachorongaji hutakiwa kuandika kumbukumbu za tabaka walizopita. Mkulima anapaswa kudai nakala ya ripoti ya kisima chake, na kabla ya kuchimba aombe kuona za majirani wawili au watatu pamoja na ushauri wa ofisi ya maji ya bonde lake, ambako ndiko kibali hutolewa. Visima viwili vya jirani vikionyesha mchanga mmoja juu ya utando uleule wa tope, matumaini yana msingi. Visipofanana, upimaji wa ardhi kabla ya kuchoronga ni nafuu kuliko shimo kavu.

Wakulima wanaochimba kwa ushirika wana silaha nyingine, ambayo ni yule shahidi wa nne. Kisima kimoja kikipigwa pampu kutwa nzima huku usawa wa maji ukipimwa kwenye vingine, itajulikana kama wote wanachota chungu kimoja. Jibu hilo ni muhimu kabla ya kununua pampu ya tatu, kwa sababu pampu tatu kwenye chungu kimoja hazitoi maji mara tatu.

Maswali ya kuuliza

Mazungumzo juu ya leseni za gesi yanapofanyika, yapo maswali matatu ambayo wabunge, madiwani na vyama vya wafanyabiashara wanaweza kuyauliza bila kuwa wajiolojia.

Kwanza, takwimu inayotajwa ni ya gesi iliyopo au ya inayoweza kutolewa? Pili, imetokana na visima vingapi, na je, presha imethibitisha kwamba visima hivyo vimeungana? Tatu, takwimu ya mwaka huu imetofautiana vipi na ya miaka mitano iliyopita, na nini kilichobadilika: ni gesi iliyotumika, au ni mchoro wa tabaka?

Swali la tatu lina uzito wa pekee. Takwimu ikishuka kwa sababu gesi imetumika, huo ni mwendo wa kawaida, na kilichouzwa kinaonekana kwenye hesabu za mapato. Ikishuka kwa sababu mchoro umebadilika, basi mipango iliyojengwa juu ya mchoro wa zamani, kuanzia bajeti ya halmashauri hadi mkopo wa mwenye bajaji, inahitaji kupigiwa hesabu upya kabla mdai hajabisha hodi.